Benchi la Nyuma

Mtatucheka tukiwaambia tulivyoanza. Tulikuwa walimu watatu wa parokia moja katika milima ya Masisi, nasi tulitaka kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Majuma mawili mazima tulifanya matayarisho. Ubao ulipakwa weusi upya, chaki zikaletwa kutoka Sake, na mmoja wetu mwenye mwandiko mzuri akaandika ratiba ya masomo, siku kwa siku na saa kwa saa, tukaibandika mlangoni. Ratiba ndefu kwa watu wasiojua kusoma! Hakuna hata mmoja wetu aliyeliona hilo.

Siku ya kwanza walikuja watu 34. Baada ya majuma matatu walibaki 9.

Basi tukaanza kunung'unika, kama walimu tunavyojua kunung'unika. Tulisema watu hawa hawana hamu ya elimu, wanajali shamba na ng'ombe tu. Maneno hayo tuliyasema hata katika mkutano wa shirika, mbele ya watu. Ndipo mama mmoja mwenye umri, aliyekuwa ameacha masomo juma la pili, akasimama akasema kwa heshima: «Walimu wangu, sisi masomo tunayapenda. Lakini njoni mkae pale mlipotukalisha.»

Tulikwenda, tukakaa. Ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa Novemba, na anayeijua Masisi anajua mvua ya Novemba. Mwenzetu mmoja alisimama ubaoni akafundisha, sisi wawili tukaketi benchi la nyuma. Benchi lile limetengenezwa kwa ajili ya mtoto wa miaka saba. Magoti yetu yalifika kifuani. Mvua ilipoanza kupiga mabati hatukusikia neno hata moja, tuliona midomo ya mwenzetu ikicheza tu. Baridi na ukungu vikaingia madirishani, tukafunga mbao za madirisha, na darasa likawa giza. Hapo tulipo ubao ulikuwa kivuli tu. Tena tukakumbuka kwamba benchi hilo ndilo la akina mama, maana wanaume walikuwa wamewahi za mbele, na kila mama alikuwa na mtoto mgongoni. Tuliona haya.

Kwa nini tulichagua saa nane? Kwa sababu asubuhi darasa lilikuwa la watoto. Tangu Septemba 2019, masomo ya msingi yalipofanywa bure katika nchi yetu ya Kongo, watoto walijaa madarasani hata kukosa mahali pa kuweka mguu. Jambo hilo ni jema, lakini kwa watu wazima ilibaki saa ya mvua. Sisi tulikuwa tumechagua nyumba kwanza, halafu tukamtafuta mtu wa kuingia ndani yake.

Tuliliacha darasa. Mzee mmoja alitupa nyumba yake ya nyasi, ile anayopokelea wageni. Nyasi hazipigi kelele mvua ikinyesha. Tulitandika mikeka, akina mama wakanyosha miguu, watoto wakalala katikati. Siku tulizichagua wao, wala si sisi: mara mbili kwa juma, si siku ya soko, baada ya kukamua na kabla ya mvua. Ubao mkubwa ulibaki shuleni. Tulikuwa na vibao vidogo 11, na watu walikuwa wamerudi, wapata 22.

Hapa yafaa tuseme jambo ambalo watu wa kwetu hawapendi kulisema. Katika mabenchi yale ya shule, Wahunde walikaa upande mmoja na wasema-Kinyarwanda upande mwingine, na hakuna aliyewaamuru. Wenye umri wanakumbuka mwezi wa Machi 1993, mauaji yalipoanza katika soko la Ntoto, huko Walikale, yakaenea Masisi yote. Tangu hapo yamepita mengine mengi. Tungewaambia watu wachanganyike, wangeona tunawahubiria, wangekwenda zao. Lakini vibao vilikuwa 11, lazima watu wawili washike kibao kimoja. Basi tukaleta kikapu cha maharagwe. Maharagwe ya Masisi yana rangi nyingi, ninyi mwajua: mekundu, manjano, meusi, ya madoadoa. Kila aliyeingia alifumba macho akachukua moja, na wenye rangi moja walikaa pamoja siku hiyo. Walicheka sana. Siku ya tatu baba mmoja alibadilisha lake kwa siri apate kukaa na ndugu yake. Tulimwona, tukanyamaza. Siku ya sita hakubadilisha.

Maharagwe hayohayo yakawa herufi. Mkono uliozoea jembe huogopa chaki, nao hauogopi haragwe. Walipanga M kwa maharagwe juu ya mkeka, wakaibomoa, wakaipanga tena. Kosa la chaki hubaki likionekana na kumwaibisha mtu, lakini haragwe husogezwa kwa kidole na jambo limekwisha.

Na neno la kwanza? Kitabu chetu kilianza na a, e, i, o, u, na watu walikuwa wakiimba irabu kama watoto. Hapo tulimkumbuka Paulo Freire, Mkatoliki wa Brazil, aliyezaliwa mwaka 1921. Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Angicos, yeye na wenzake waliwafundisha kusoma watu wapata 300 kwa saa 40 tu za masomo. Aliyatafuta maneno ambayo watu wenyewe waliyatumia kila siku, wakazungumza kwanza juu ya kitu chenyewe, ndipo wakalikata neno vipande. Mwaka uliofuata wanajeshi walitwaa serikali, naye akatiwa gerezani, kisha akaenda uhamishoni. Kumbe kumfundisha maskini kusoma ni jambo linaloogopesha wakubwa wengine.

Sisi tulichagua «maziwa». Kwanza tukazungumza: nani anakamua, nani anauza, jibini yetu yaliwa Goma hata Kinshasa, na fedha zinabaki kwa nani? Mazungumzo yalichukua siku nzima, mmoja wetu akakasirika kwamba hatujaandika hata herufi moja. Siku ya pili tukalikata neno: ma-zi-wa. Tukaandika ma, me, mi, mo, mu. Za, ze, zi, zo, zu. Wa, we, wi, wo. Tukawaambia waunganishe wapendavyo. Yakatoka «mama», «mume», «mawe», «meza», «mawazo». Kijana mmoja akapaza sauti: «Wazimu!» Nyumba nzima ikacheka, na hakuna aliyelisahau neno hilo tena. Kitabu chetu kingelifikia karibu na mwisho.

Watanzania nao walitufundisha jambo. Mwalimu Nyerere, aliyepata kufundisha shuleni Pugu, aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya «Mtu ni Afya». Watu karibu milioni 2 walikusanyika katika vikundi vidogo kusikiliza redio majuma 12. Redio ilisema kidogo, kisha ikazimwa, kikundi kikazungumza na kukata shauri: tufanye nini hapa kwetu? Wakachimba vyoo, wakafyeka majani. Nguvu yake, kwa maoni yetu, ilikuwa pale redio ilipozimwa. Tumehudhuria mafunzo mengi mjini ambamo mkufunzi hazimwi tangu asubuhi hadi jioni. Mwisho tunapewa posho, tunapigwa picha, tunarudi na daftari tusilolifungua tena. Basi nasi tuliweka sheria: mwalimu asiseme zaidi ya muda wa kupika uji. Mwenzetu mmoja huivunja mpaka leo.

Baada ya miezi mitano yule mama wa benchi la nyuma alipeleka maharagwe sokoni. Mnunuzi aliyapima akasema kilo 17. Mama aliinama, akaitazama mizani, akasema: «Hapa pameandikwa 20.» Mnunuzi alidai mizani imesogea. Wakapima tena, mbele ya watu, ikawa 20. Alitusimulia habari hiyo mara nne, na kila mara mnunuzi alizidi kuwa mnene.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 vita iliwasukuma watu wengi wa milima yetu kuelekea Sake na Goma. Darasa letu lilihamia kambini, chini ya hema jeupe, juu ya mawe ya volkano. Mikeka ilichanika. Jua lilipowaka, ndani ya hema hapakaliki, tukasoma alfajiri. Maharagwe hatukuyatumia tena, maana nani ataweka chakula chini acheze nacho huku watoto wana njaa? Tukaokota vijiwe, vyeusi vyote, rangi moja. Watu wakachagua wenyewe pa kukaa, nasi tukatazama kwa hofu. Wengi walikaa na wenzao wa kibao. Wachache hawakukaa nao, na hatukuwalaumu, walikuwa wamefiwa.

Februari 2025 kambi za kando ya Goma zilivunjwa, watu wakarudi milimani au wakatawanyika. Mama yule alirudi kwake. Juma lililopita mchuuzi wa jibini alituletea karatasi kutoka kwake, maneno manane, herufi kubwa kubwa:

NYUMBA YA NYASI IMEUNGUA. TUNASOMA KWANGU. RETENI CHAKI.

Chaki tumezipeleka Jumamosi, pakiti mbili.