Kalemie: Mama si mchawi, mama anasahau

Saa kumi za alfajiri, kabla jogoo hajaamsha avenyu, mama mzee mmoja wa Kalemie alifungua mlango wa nyumba yake, akajifunga kikwembe, akachukua sahani ya bugali iliyobaki jioni, akaenda kugonga kwa jirani. Alimtafuta mume wake. Alisema treni ya Kabalo imekwisha kufika na baba hajala. Mume huyo, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alizikwa miaka mingi iliyopita.

Jirani hakufungua. Ndani ya nyumba yake mtoto wa miaka minne alikuwa na homa kali kwa siku ya tatu. Kulipokucha, maneno yalikuwa yamefika kwenye bomba la maji. Saa sita mchana yalikuwa sokoni: bibi yule anatembea usiku, tena akiwa na chakula mkononi, na mtoto wa watu anaumwa. Mbele ya binti yake hakuna aliyetamka neno lenyewe. Lakini kila alipopita, wamama walinyamaza.

Binti huyo ni mwalimu wa shule ya msingi, na alijua neno gani lilikuwa limemezwa. Alijua pia neno hilo linaweza kumfikisha mtu wapi. Mwaka 2021 huko Kabare na Kalehe, katika Kivu Kusini, wanawake kadhaa waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto, baada ya kutajwa kuwa wachawi. Habari zile zilisikika redioni mpaka Kalemie. Usiku ule mwalimu alilala kwenye mkeka, mgongo wake ukiwa umeegemea mlango, ili mama asitoke.

Ukweli ni kwamba dalili hazikuanza usiku ule. Kwa muda wa miaka miwili mama alikuwa akitia chumvi mara mbili katika ndagala, au asitie kabisa. Aliuliza swali moja asubuhi, akaliuliza tena kabla chai haijapoa. Siku moja aliteremka ziwani, akashindwa kurudi kwa njia aliyoipita tangu alipokuwa msichana. Mwalimu aliyaficha yote hayo. Aliwaambia watu kwamba mama amechoka. Aliwahi kumpeleka kwenye chumba kimoja cha maombi, akaambiwa kuna roho inayokula kumbukumbu, na kwamba kuifukuza kunahitaji mafungo na sadaka. Akatoa sadaka. Mama alifungishwa siku tatu bila kula, akarudi nyumbani akiwa dhaifu kuliko alivyokwenda. Jambo hilo mwalimu hakulisimulia kwa mtu yeyote mpaka mwaka huu.

Aliyelitoa moyoni mwake ni mdogo wake wa kiume, anayeishi Kinshasa. Aliposikia habari za treni kwa simu, hakushangaa. Alisema aliwahi kumsindikiza baba mkwe wake kwa watafiti wa mambo ya uzee. Watafiti walimhoji mzee, kisha wakamgeukia yeye, mtu wa nyumbani, wakamuuliza maswali mengine peke yake. Akaanza kumuuliza dada yake kama alivyokumbuka. Mama anasahau alipoweka vitu vyake? Amewahi kupotea katika mtaa wake mwenyewe? Anarudia jambo lile lile? Kazi za mikono alizozizoea, bado anaziweza? Kwa kila swali mwalimu alijibu ndiyo. Alipofika swali la mwisho alikuwa analia, lakini alisema baadaye kwamba yalikuwa machozi ya kupumua. Kumbe kuna watu waliokwisha kukaa na kuuliza juu ya mama kama wake, na katika maswali yao hamna usiku wala uchawi.

Maswali ya namna hiyo yametembea safari ndefu kabla ya kufika kwetu. Vipimo vya zamani vya kumbukumbu vilitengenezwa kwa watu waliosoma: andika sentensi, chora umbo hili, hesabu kwa kurudi nyuma. Mzee ambaye hakushika kalamu maishani alishindwa, akaonekana mgonjwa hata kama akili yake ilikuwa nzima. Watafiti Hugh Hendrie na Kathleen Hall walianza kutafuta njia nyingine walipofanya kazi na jamii ya Wacree huko Manitoba, Kanada. Wakaunganisha mahojiano mawili: moja na mzee mwenyewe, la pili na mtu anayeishi naye. Mtu wa nyumbani ndiye anayejua kama mama wa leo ni tofauti na mama wa miaka mitano iliyopita.

Njia hiyo ndiyo iliyotumika Ibadan, Nigeria, kuanzia mwaka 1992, pamoja na madaktari wa huko kama Benjamin Osuntokun na Adesola Ogunniyi. Watafiti waliingia nyumba kwa nyumba kwa wazee wa Kiyoruba, na wenzao wakafanya vivyo hivyo kwa Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis. Waliwafuata watu wale wale kwa miaka. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2001 yaliwashangaza wengi: kwa mwaka mmoja, Alzheimer iliwapata wazee wapya 1.15 katika kila 100 huko Ibadan, na 2.52 huko Indianapolis. Tena kijenetiki kinachojulikana kuongeza hatari ya ugonjwa huo kwa watu wa nchi nyingi hakikuonyesha nguvu ile ile kwa Wayoruba. Kama wazee wa Ibadan wangefunga milango yao, dunia isingejua.

Karibu na kwetu, kazi ilifanyika Brazzaville na Bangui miaka ya 2008 na 2009, kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya miji hiyo na Chuo Kikuu cha Limoges cha Ufaransa. Kati ya wazee wa miaka 65 na zaidi, waliokutwa na ugonjwa wa kusahau walikuwa asilimia 6.7 Brazzaville na asilimia 8.1 Bangui. Miaka ya 2011 na 2012 watafiti walirudi, na safari hii wakafika mpaka vijijini, katika maeneo ya Gamboma na Nola, wakahoji wazee wapatao 2,000. Kinshasa nayo ina kazi ya mwanasaikolojia wa ubongo, Mkongomani Jean Ikanga, wa Chuo Kikuu cha Kinshasa na cha Emory, Marekani. Yeye na wenzake wametengeneza vipimo vya akili vinavyolingana na maisha ya Waafrika, na wamepima damu ya wazee wa Kinshasa kutafuta alama za Alzheimer.

Katika hesabu hizo zote kuna jambo moja dogo ambalo mwalimu wa Kalemie alilielewa mara moja: miaka. Ili kumhesabu mzee wa miaka 65 lazima kwanza ujue kama ameifikisha. Kule Brazzaville na Bangui, pale ambapo hakukuwa na cheti cha kuzaliwa, watafiti walitumia matukio makubwa ya historia kukadiria umri. Kadi ya mpigakura ya mama inasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1958, tarehe ambayo karani alijiandikia tu. Lakini mama mwenyewe, anayesahau chumvi ya jana, anakumbuka vizuri Simba walipoingia mji huu mwaka 1964, siku ambazo mji ulikuwa bado unaitwa Albertville. Anasimulia alivyokimbia akimbeba mdogo wake mgongoni. Nchi ilipoitwa Zaire mwaka 1971 alikuwa tayari na mtoto wa kwanza. Ukifuata kadi, angekuwa amezaa akiwa na miaka 13. Ukimfuata mama, alizaliwa karibu na mwaka 1950.

Kutokana na hesabu hiyo mwalimu akapata wazo. Alikwenda kwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya, akamweleza yote, hata habari ya mafungo. Muuguzi alimpima mama tansio, akakuta 17 juu ya 10. Alisema wazi kwamba si yeye wa kutaja jina la ugonjwa, akaandika barua ya kumpeleka hospitali, akampa dawa za tansio. Kisha akasema neno lililobaki kichwani mwa mwalimu: “Mama mwalimu, mzee mmoja akisahau, watu husema ni uchawi. Tukiwaandika wazee wote wa avenyu, tutaona ni ugonjwa.”

Jumapili iliyofuata, baada ya misa na ibada, watu walikutana katika parseli ya mwalimu. Alikuja shefu wa avenyu. Walikuja wamama wa likelemba, reko wawili wa kituo cha afya, na wazee wa reli na fimbo zao. Muuguzi alileta kipimo cha tansio, mwalimu akaleta daftari la shule. Wazee walipoanza kutafuta miaka yao, parseli ilijaa kelele za furaha. Mmoja alitaka kujipunguzia miaka mitano, wenzake wakamuumbua kwa kumkumbusha kwamba uhuru ulipofika mwaka 1960 alikuwa tayari anachunga mbuzi wa baba yake. Kwa kila mzee waliandika mwaka wa kuzaliwa, tansio, kama anasikia vizuri, kama anaona vizuri, na nani anakaa naye.

Mzee mmoja aliuliza swali ambalo wengine walikuwa nalo moyoni: “Tukishaandikwa, tunapata nini?” Muuguzi hakumdanganya. Alisema dawa ya kuponya ugonjwa wa kusahau haipo. Lakini jopo la wataalamu wa jarida la Lancet liliorodhesha mwaka 2024 mambo 14 yanayoongeza hatari, na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya wagonjwa wa namna hii duniani wanahusiana nayo. Mengi yanaonekana hapa hapa: tansio isiyotibiwa, ugonjwa wa sukari, tumbaku, pombe kupita kiasi, masikio na macho yasiyotunzwa, upweke, na kukosa shule utotoni. Aliposema shule, mwalimu alimtazama mama yake, aliyetumwa kuni wakati kaka zake wanakwenda darasani.

Mzee mwingine aliuliza daftari litakaa kwa nani, maana majina ya watu si mchezo katika nchi iliyoona vita. Walijadiliana kwa muda mrefu kuliko jambo lingine lolote. Wakakubaliana likae kituo cha afya chini ya ufunguo, na mtafiti yeyote akija siku moja, lisifunguliwe bila mwenye jina kukubali. Asiyetaka kuandikwa hakuandikwa, na wawili walikataa. Likelemba ikaamua kuweka kando kidogo kila mwezi kwa ajili ya dawa za tansio za wazee wasio na mtoto karibu.

Jirani alikuja amechelewa, akasimama karibu na uzio. Mtoto wake alikuwa mgongoni, mzima. Ilikuwa malaria, dawa za kituo cha afya zilimwinua. Hakuomba msamaha mbele ya watu, wala hakuna aliyemlazimisha. Muuguzi alipoeleza jinsi ubongo unaochakaa unavyoweza kumrudisha mtu miaka 40 nyuma, mpaka amtafute marehemu kwa sauti ya kawaida, jirani aliinamisha kichwa. Jioni alimtuma binti yake mkubwa alete ndagala katika sahani. Ilikuwa sahani ile ile ya bugali, iliyobaki mlangoni kwake tangu alfajiri ile.

Daftari la avenyu moja si utafiti. Halina kipimo cha damu, wala halitachapishwa popote. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na ugonjwa wa kusahau, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Watafiti wa Ibadan, Gamboma na Kinshasa walifika mlangoni kwa wazee kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuwaonyesha mlango, na mtu wa nyumbani aliyekubali kusema ukweli bila aibu. Kalemie sasa ina avenyu moja ambayo mlango wake uko wazi. Wenye avenyu nyingine wanaweza kuanza na kipimo cha tansio na daftari la shule.

Mama hajapona. Tansio imeshuka, na usiku analala zaidi kidogo, lakini bado anasahau, na ipo siku atalisahau jina la binti yake. Mwalimu analijua hilo. Wiki iliyopita mama alitoka tena alfajiri, akagonga mlango ule ule. Safari hii jirani alifungua. Alitupa kikwembe mabegani, akamshika mkono.

“Treni imechelewa, mama,” alimwambia. “Twende nyumbani tuingoje huko.”

Wakarudi wawili taratibu, mpaka mlangoni kwa mwalimu.