Kalenda ya simu ilivyomtoa mjomba jasho

ULIZALIWA lini? Ni swali ambalo hata mtoto wa chekechea hulijibu bila kukuna kichwa. Lakini mwulize mjomba wangu jinsi lilivyomhangaisha kwenye simu yake, naye atakusimulia hadi chai ipoe.

Mjomba ni mwalimu mstaafu. Alizaliwa tarehe 25 Julai 1951, na macho yake yalizimwa na ugonjwa wa presha ya macho yapata miaka kumi iliyopita. Usidhani kwamba amekaa kitako akingoja kushikwa mkono. Simu yake ina programu inayomsomea kila kilicho kwenye kioo. Akipapasa, inasema, akigonga mara mbili, inatii. Husoma habari, hutuma pesa, na hunikemea kwa ujumbe mfupi nisipomtembelea.

Siku hiyo alikuwa akijiandikisha kwenye tovuti ya hospitali moja ya kibinafsi ili apewe siku ya kumwona daktari. Jina akaandika. Nambari ya kitambulisho akaandika. Alipofika penye tarehe ya kuzaliwa, herufi na tarakimu za kuandikia hazikutokea. Badala yake kilichomoza kijikalenda cha mwezi tulio nao. Ili afike 1951 ilimbidi abonyeze mshale wa kurudi nyuma, na kila akibonyeza ulirudi mwezi mmoja tu. Piga hesabu mwenyewe, msomaji. Ni zaidi ya mara 800!

Na afadhali mshale wenyewe ungejitaja. Simu ilimwambia tu kwamba hapo pana kitufe. Akasogeza kidole, kitufe kingine. Kisha ikaanza kumhesabia moja, mbili, tatu, bila kutaja ni mwezi gani wala mwaka upi.

"Mwanangu," akaniambia, "ni kama kutiwa katika nyumba ya milango 40 na hakuna hata mmoja ulioandikwa kitu."

Nilimshauri aende saiba iliyo karibu na stendi, wamjazie. Akakataa katakata. Huko ingembidi atoe kitambulisho kwa kijana asiyemjua, ataje nambari yake ya siri, kisha aeleze kwa sauti ugonjwa unaompeleka kwa daktari huku watu wa foleni wametega masikio. Mtu aliyefundisha nusu ya watu wa mtaa huo! Mwishowe alikosa nafasi ya wiki hiyo.

Kinachoniudhi ni kwamba dawa ya jambo hili inajulikana, tena ni rahisi kuliko hicho kijikalenda. Tarehe ya kuzaliwa haichaguliwi. Mtu anaijua tayari. Anachohitaji ni mahali pa kuiandika. Nchini Uingereza, serikali huwaelekeza wanaounda tovuti zake kwamba kwa tarehe kama hiyo waweke visanduku vitatu: cha siku, cha mwezi na cha mwaka, kila kimoja na jina lake. Basi. Mtu huandika 25, kisha 7, kisha 1951, akaendelea na shughuli zake.

Majina hayo ya visanduku si pambo. Wako wanaoyaandika kwa rangi hafifu ndani ya kisanduku chenyewe, nayo yakatoweka mara tu mtu anapoanza kuandika. Tena mpangilio ukiachwa bila kutajwa, huleta kizaazaa. Sisi huanza na siku, Wamarekani huanza na mwezi. Fomu yenye mazoea ya Marekani itaikataa 25/7 kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, kisha itoe neno moja la rangi nyekundu: kosa. Kosa lipi? Haisemi. Ingekuwa 4/7, ingeipokea kimya kimya na kumzalisha mtu Aprili badala ya Julai.

Sisemi kalenda zote zitupwe. Mtu anayetafuta siku ya kuonana na daktari wiki ijayo huhitaji kujua Alhamisi inaangukia tarehe ngapi, na hapo kalenda hufaa. Ila ijengwe ipasavyo. Kila siku isomeke kamili, yaani Alhamisi tarehe fulani, mwezi na mwaka, wala si tarakimu tupu. Anayetumia tarakilishi bila kipanya aweze kusogea siku hadi siku kwa mishale ya kibodi, na aifunge kalenda bila kupotezwa njia. Siku zilizojaa zisitambulishwe kwa wekundu peke yake, maana wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Halafu kuna wale ambao mikono hutetemeka. Mwongozo uliotolewa Oktoba 2023 na W3C, shirika linaloweka viwango vya mtandao duniani, unataka mahali pa kubonyeza pasipungue vidoti 24 kwa 24, au angalau pawe na nafasi ya kutosha kando yake. Hapa kwetu, kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari. Fomu ya hospitali ni nini kama si mlango wa habari?

Na wale wanaotafsiri kalenda hizi kwa Kiswahili nao nina neno nao. Huona Waingereza wamefupisha siku kwa herufi moja moja, nao wakaiga. Wamesahau kwamba siku zetu tano kati ya saba huanza na J. Ukiongeza herufi hadi nne unapata Juma, Juma, Juma, Juma, Juma. Hata ukifika herufi sita, Jumatatu na Jumatano bado ni mapacha. Sasa hebu mwambie mgonjwa, awe anaona au haoni, achague J ya kwenda kwa daktari.