Ukiona staa kakumbatia simba, uliza nani anamlisha

Kuna ile klipu ya staa wetu mmoja, jina namhifadhia, mkijua mmejua. Kakaa kwenye majani, miwani nyeusi, kakumbatia mtoto wa simba, wimbo wake unapiga kwa nyuma. Imezunguka kila grupu hapa Mbeya na watu wanaandika "noma sana". Mimi niliirudia mara tatu, na wala siyo kwa ajili ya staa. Pembeni kabisa unaonekana mkono wa mtu umeshika fimbo. Sekunde mbili tu, kamera inahama. Huyo mwenye fimbo ndiye nataka tumuongelee leo, kwa sababu mdogo wangu anataka kuwa yeye.

Dogo ana miaka 21, kamaliza form four, anaishi Iringa kwa mjomba na anabangaiza na bodaboda ya mtu. Majuzi kapata mchongo. Kuna tajiri ana bustani yake ya wanyama, siyo mikoa yetu hii, anatafuta vijana wa kuhudumia simba na chui. Kuwalisha, kufagia mabanda na "kusaidia wageni kupiga picha". Hela ni nzuri kuliko bodaboda, hilo sibishi. Mkataba? "Tutaongea ukifika." Bima? Dogo akanijibu, "Dada, bongo hii nani ana bima?" Na hakuwa anatania.

Nikapanda basi nikaenda Iringa. Mjomba wetu ni askari wanyamapori mstaafu, kapiga doria za miguu Ruaha miaka na miaka. Tukakaa uani, yeye na ulanzi wake, dogo kanuna. Nilitegemea mzee atamtisha kwa stori za simba. Wapi! Akasema kwenye doria aliyemnyima raha zaidi ni nyati dume aliyejitenga kichakani, na tembo mwenye mtoto. Simba alikuwa anafuata baadaye.

"Simba wa porini akisikia watu wanakuja kwa miguu, mara nyingi anaondoka zake. Anatuogopa, mjomba," akamwambia dogo. "Sasa huyo wa tajiri kalelewa kwa chupa ya maziwa. Woga umeisha, lakini meno yapo palepale."

Akaleta na habari za Njombe, kama wazee wengi wa huku. Kati ya 1932 na 1947 simba walikula watu kule mpaka wengine wanataja vifo zaidi ya 1,000. Wenyeji walisema ni simba wa kutumwa na mganga. Maelezo mengine ni kwamba serikali ya kikoloni ilikuwa imeua wanyamapori wengi ili kuzuia sotoka isifike kwenye ng'ombe, simba wakakosa chakula, wakahamia kwa binadamu, na mchana kweupe wakawa hawaogopi mtu. Bwana nyama Mwingereza, George Rushby, ndiye anayetajwa kuwamaliza, simba 15. Maaskari Waafrika waliokuwa wanaingia naye vichakani? Uliza jina la mmoja tu uone.

Ni kama ya Kenya. Wengi mnamjua Elsa, simba aliyelelewa na George na Joy Adamson, filamu yake ilitoka 1966. Humo alicheza simba dume mmoja, Boy, ambaye kabla ya hapo alikuwa wa kikosi cha jeshi la Uingereza. Baada ya filamu George akabaki naye, na baadaye wakahamia Kora. Mwaka 1971 Boy akamuua mpishi wa kambi. George akampiga risasi simba wake mwenyewe. Mpishi mara nyingi anatajwa kwa jina moja tu, Stanley. Yaani simba ana wasifu mrefu kuliko marehemu! Hata Terence, mdogo wake George, aliumizwa vibaya na simba wa hukohuko.

Na msiseme ni ushamba wa zamani. Roy Horn alifanya shoo na chui milia Las Vegas miaka mingi, kila kitu kipo. Oktoba 2003 chui wake mweupe akamkamata shingoni jukwaani, watu wanaangalia. Alipona, ila mwili haukurudi kama zamani.

Turudi kwa dogo. Mwananchi akiuawa na mnyama wa porini, kanuni za 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000. Ndiyo, milioni moja. Lakini simba wa bandani ana mwenyewe, na mwenyewe ni mwajiri. Sheria inamtaka mwajiri achangie Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hata kama ana wafanyakazi wachache. Kazi ya "tutaongea ukifika" utaenda kudai na karatasi gani?

Mjomba yeye akauliza kitu kimoja tu: banda lina vyumba viwili? Maana banda la maana, mnyama anahamishiwa chumba cha pili, mlango unafungwa kwa nje, ndipo mtu anaingia kufagia. Hamkutani kabisa. Banda la chumba kimoja na fimbo, mzee akatikisa kichwa akajimiminia ulanzi.

Dogo akampigia yule jamaa palepale, sauti kubwa tukawa tunasikia wote. Akauliza vyumba, akauliza WCF. Jamaa akanyamaza kidogo, halafu: "Wewe kijana unakuja kufanya kazi au kukagua?" Akakata.

Hajapiga tena. Dogo bado yuko barabarani na bodaboda. Namba ya jamaa hajaifuta, nimeiona kwenye simu yake.