Usiku nyumba inaenda ziwani (Mama na mtoto kambini, sehemu ya 3)

Tangu niandike sehemu ya pili maswali yamejaa inboksi, na mengi yanatoka kwa akina mama wanaofuata dagaa visiwani. Yanafanana: "Dada nesi, chandarua ninacho, sasa nakitundika wapi?" Leo tuongee hilo.

Kwa msiojua maisha ya kambi, dagaa huvuliwa usiku, kipindi cha giza. Taa zinawashwa majini, dagaa wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikikomaa watu wanapumzika. Akina mama wanabaki nchi kavu na kazi yao inaanza alfajiri mitumbwi ikirudi: kupokea, kuanika, kugeuza, kukinga mvua. Wapo wenye vibanda vya mabati, ila anayehamahama kufuata samaki anaishi chini ya turubai. Halina sakafu, ni mkeka juu ya mchanga. Na nguzo zake mara nyingi ni makasia mawili ya mtumbwi.

Mchana makasia hayana kazi, basi yanashika nyumba. Ni akili nzuri tu. Tatizo ni jioni.

Tulimpokea mama mmoja wodini, sitasema lini wala anatoka kisiwa gani. Mtoto wake wa miezi 7 alikuwa na malaria kali, viganja vyeupe kama karatasi, anapumua kwa shida. Alichomwa artesunate, akaongezewa damu, usiku wa pili ndio akaanza kunyonya tena. Nilipomuuliza mama kuhusu chandarua, alifungua begi akanionyesha. Kile cha kliniki, bado kiko kwenye mfuko wake! Nikadhani nitasikia habari za joto au harufu ya dawa, kama kawaida. Akaniambia, "Dada, nitakitundika kwenye nini? Usiku nyumba yetu inaenda ziwani."

Saa moja jioni baba anachukua makasia. Turubai linashuka, mama anajifunika nalo kama shuka, yeye na mtoto. Mbu wanaoleta malaria wanauma zaidi usiku, yaani saa zile zile ambazo nguzo ziko majini.

Nilikaa na maneno yale muda mrefu. Tukiwa kliniki tunafundisha kuchomeka chandarua chini ya godoro kana kwamba kila mtu ana kitanda na dari lenye misumari.

Baadaye mdogo wangu alinionyesha video ya wawindaji wa Marekani wanaopanda milimani kwa siku kadhaa. Hawabebi nguzo za hema. Wanatembea na fimbo mbili nyepesi za kurefusha na kufupisha, na jioni fimbo hizo hizo ndizo zinazosimamisha hema lisilo na sakafu. Nikaangalia mara tatu. Ni turubai na makasia kabisa, tofauti ni bei! Lakini mwindaji yule analala usiku, fimbo hana safari nazo. Na penye wadudu, ndani ya lile hema wanatundika chandarua kwenye nguzo ile ile.

Tena hatuna haja ya kufika Marekani. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi ni wawindaji na vibanda vyao havina sakafu. Wanaovijenga ni wanawake, kwa matawi yaliyopindwa na nyasi juu. Mwanaume akienda kuwinda anachukua upinde na mishale. Hang'oi tawi la nyumba.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza si wa dawa. Mama, uwe na miti yako miwili. Iwe ya kwako, iingie kwenye hesabu ya safari kama sufuria na beseni. Miti mikavu iliyonyooka, urefu wako au zaidi kidogo, yenye panda juu au iliyokatwa alama ya kushikia kamba.

Jinsi ya kusimamisha ni hivi. Wengi tunahangaika kuzika mti ndani sana, na mchanga wa ufukweni haushiki, upepo ukija mti unalala. Kwenye yale mahema mti haushikwi na ardhi, unashikwa na kamba zinazovutana. Funga kamba moja ndefu ipite juu ya miti yote miwili, kila ncha ishuke chini kwa mshazari. Vigingi mchangani vinachomoka, kwa hiyo jaza mchanga kwenye viroba viwili, funga ncha za kamba hapo, kisha vifukie. Chini ya kila mti weka jiwe bapa au kipande cha ubao usizame. Turubai linalala juu ya kamba, kingo zake nazo zinavutwa na mawe au viroba vidogo.

Sasa chandarua. Vile vya kliniki vingi ni vya pembe nne. Pembe mbili funga mti huu, mbili mti ule. Juu kitabanwa, usijali, upana unatakiwa chini mnapolala. Kingo zote chomeka chini ya mkeka, pande zote nne, maana turubai lisilo na sakafu ni mlango wazi kwa mbu kila upande. Mtoto asilale amegusa neti, mbu anaweza kumuuma akiwa nje. Na kama ni kipya, kianike kivulini siku moja kwanza. Hiki unapewa ukianza kliniki ya ujauzito, na tena mtoto akifika chanjo ya surua ya miezi 9. Usikiache begini.

Kuna anayeniambia, bora nikaombe kulala kwenye kibanda cha zamani cha udongo kuliko kulala chini. Hapo sikubali moja kwa moja. Sakafu ya udongo mkavu yenye nyufa ndiyo nyumba ya papasi. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch aliwakuta papasi kwenye vibanda vya kupumzikia wasafiri kwenye njia za misafara hapa kwetu. Papasi anatoka usiku, ananyonya muda mfupi, anarudi kwenye ufa wake, na anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula. Homa yake inakuja siku chache, inaondoka, unasema nimepona, inarudi. Mjamzito inaweza kumtoa mimba. Mkipima malaria kwa kipimo cha haraka ikatoka hasi na homa inajirudia, mwambie daktari ulilala wapi, uombe damu iangaliwe kwa hadubini. Mara nyingi naona turubai lako kwenye mchanga safi lina afadhali.

Jiko la mkaa lisiingie ndani hata mvua ikinyesha. Ukishavuta kingo chini hewa inakuwa ndogo, na sumu ya mkaa haina harufu. Mtoto mfunike, mvalishe soksi na kofia.

Wifi yangu naye anafuata dagaa, ana binti wa miezi 5. Kabla hajaondoka tulifanya majaribio hapa nyumbani Buzuruga, uani, watoto wa jirani wakitucheka. Mara ya kwanza likaanguka, viroba vilikuwa vyepesi. Tukaongeza mchanga, likasimama mpaka asubuhi. Akaondoka na miti yake miwili imefungwa pamoja na mkeka, mwaloni wakamuuliza kama anaenda kujenga ghala.

Juzi kapiga simu. Kasia moja la mtumbwi limevunjika, na shemeji akaomba mti mmoja wapige nao mpaka wapate lingine. Kamnyima. Anasema wamenuniana siku mbili, mtoto hajapata homa, na mke wa jirani ameomba wamkatie na yeye miti.

Sehemu ya nne itakuwa maji ya ziwa ya kumuogeshea mtoto, na kichocho. Mwenye swali aweke hapo chini.