Vigingi vya Green Bay

Mgeni afikaye Green Bay, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, hustaajabu kuona mji wa watu laki moja na ushei una kiwanja cha michezo chenye viti zaidi ya 80,000. Kiwanja hicho, Lambeau Field, kilifunguliwa mwaka 1957. Timu yake, Green Bay Packers, ni mali ya wananchi wenye hisa, si ya tajiri mmoja.

Mchezo wa hapo si kandanda tuijuayo. Mpira una umbo la yai, nao hubebwa mikononi. Kati ya mistari miwili ya goli pana yadi 100, na nyuma ya kila mstari pana eneo la yadi 10. Kwenye pembe za maeneo hayo husimamishwa vigingi laini vya rangi ya machungwa, vyenye kimo cha inchi 18.

Ndugu msomaji, katika kandanda mpira wote sharti uvuke mstari ndipo liwe goli. Hapa, ncha ya mpira ikifika tu juu ya mstari, ungali mikononi mwa mchezaji, bao la alama 6 limepatikana. Lakini mstari wa pembeni hauna huruma: aukanyagaye amekwisha kutoka nje. Kigingi husimama pale mistari hiyo ikutanapo, mmoja wa neema, mwingine wa hasara. Mbebaji akikigusa kwa mpira kabla ya kutoka nje, amefunga. Mpira ukimponyoka hatua moja kabla ya mstari, ukapita eneo lile na kutoka nje, timu yake hunyang'anywa mpira.

Thamani ya mstari huo wenyeji waliiona tarehe 31 Desemba 1967, katika baridi ya nyuzi 25 hivi chini ya sifuri. Packers walikuwa nyuma ya Dallas Cowboys kwa 17 kwa 14. Zilibaki sekunde 16, na yadi moja hivi. Wangeweza kupiga mpira kwa mguu na kupata alama 3 za sare. Badala yake Bart Starr aliukumbatia mpira, akajipenyeza kati ya miili ya wenzake hadi ng'ambo ya mstari. Wakashinda 21 kwa 17, na kutwaa ubingwa wa ligi kwa mwaka wa tatu mfululizo.

Alama za mpaka, basi, si mapambo ya kiwanja. Ndizo mizani yake.