Karatasi Moja, Thieta Mbili

Tukisikia "kuboresha huduma za afya" wengi wetu tunawaza mashine mpya na bajeti. Mimi somo hilo nimelipata kwa karatasi moja tu, tena siku niliyoaibika.

Nasomea uuguzi hapa Uingereza. Mwaka wa pili nikapelekwa mazoezini kwenye hospitali kubwa, thieta zimepangana kama vyumba vya gesti. Asubuhi ya kwanza, mzee mmoja aliyekuwa anasubiri koridoni akaniambia kwamba penisilini humvimbisha uso. Kuingia ndani, nikakuta karatasi ya ukaguzi imeshawekwa alama za vema juu mpaka chini, na mgonjwa hata mezani hajafika! Kwenye swali la mzio imeandikwa "hakuna". Daktari wa usingizi akaanza kuvuta dawa kwenye sindano. Jina lake nililiona, ni jamii ya penisilini. Mdomo ukawa mzito. Nimelelewa kwamba mdogo haingilii kazi ya wakubwa, na mle ndani hakuna aliyejua hata naitwa nani. Bahati nzuri msaidizi wake aliiona bangili nyekundu mkononi mwa mzee, akamzuia. Mzee alitoka salama. Mimi usiku ule sikulala.

Wiki iliyofuata nikahamishiwa thieta ya pili, hatua chache tu kutoka ile ya kwanza. Karatasi ni ile ile. Lakini kabla ya kisu kugusa ngozi, daktari mpasuaji alisimamisha kila kitu. Akataja jina lake na kazi yake, wengine wakafuata, mpaka zamu ikanifikia mimi mwanafunzi. Maswali yakasomwa kwa sauti, yakajibiwa kwa sauti. Siku ya tatu mimi ndiye niliyesema kwamba antibiotiki bado haijatolewa. Daktari akasema asante, tena akaniita kwa jina.

Karatasi yenyewe ni ya WHO, ina mambo 19, na ilizinduliwa mwaka 2008. Ilijaribiwa katika hospitali 8 za miji 8 duniani, na mji mmojawapo ni Ifakara yetu, sambamba na London, Toronto na Seattle. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mwezi huohuo likatolewa agizo kwa hospitali za umma za England na Wales kwamba itumike. Basi karatasi ikafika kila mahali. Je, na tabia ilifika? Huko Ontario, Kanada, hospitali 101 zilichunguzwa, na matokeo ya mwaka 2014 yakaonyesha kuwa vifo havikupungua kwa kiasi cha kuhesabika. Wataalamu wamebishana kuhusu sababu. Mimi sina utafiti, ila nimesimama kwenye thieta mbili za jengo moja.

Nilimuuliza sista wa ile thieta ya pili, mbona ninyi mnaweza? Akasema barua ya agizo ilifika milango yote siku moja. Kwao, daktari yule alianza na timu yake mwenyewe, siku moja ya wiki. Wakabadilisha mpangilio wa maswali uendane na kazi yao, wakawaita wenzao waje kuangalia. Kwa jirani hakuna aliyeonyeshwa kitu. Waliambiwa tu fomu zitahesabiwa, na kweli fomu zao zilikuwa zimejaa!

Wadau, wengi wetu tunaota kurudi nyumbani na miradi. Tutaandika waraka, tutagonga muhuri, tutasambaza mikoa yote. Mimi naomba tuanze na wodi moja, na mle ndani tumtafute yule asiye na sauti tumuulize jina lake, maana huenda ndiye aliyeongea na mgonjwa koridoni.

Siku hizi nikiingia thieta yoyote nataja jina langu, hata nisipoulizwa. Mzee yule sikumwomba radhi. Alikuwa bado hajaamka nilipomaliza zamu.

Tukutane toleo lijalo, panapo majaliwa.