Kutoka Stesheni ya Nairobi Hadi Kangemi

Kenya ni nchi kubwa. Eneo lake lapita kilomita za mraba 580,000, na katika hesabu ya watu ya mwezi wa Agosti, 2019, walihesabiwa watu 47,564,296. Hakuna awezaye kuizunguka yote kwa siku moja. Lakini apendaye kujua watu wake, kazi zao na njia zao, aweza kujifunza mengi akienda kwa miguu asubuhi moja kutoka Stesheni ya Nairobi mpaka Kangemi, upande wa magharibi wa mji.

Safari yaanzia stesheni kwa kuwa mji wenyewe ulianzia hapo. Reli iliyotoka Mombasa ilifika mwaka 1899, mahali palipokuwa bonde la majimaji ambapo Wamasai walinywesha ng'ombe wao. Mbele ya wajenzi palikuwa na mpando wa Kikuyu na mteremko mkali wa Bonde la Ufa. Basi ikawapasa watue, wajenge karakana na maghala. Karakana zikazaa maduka, maduka yakazaa ofisi, na mwaka 1950 mji ukapewa cheo cha jiji. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 haikuletwa hapa. Stesheni yake kubwa i Syokimau, nje ya mji.

Katikati ya mji majumba yamesongamana, na kati yao ni lile jumba la mikutano la ghorofa 28, lililokamilika mwaka 1973. Katika hesabu ile ya 2019 Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073, yaani hata sehemu moja ya kumi ya Wakenya haikutimia. Lakini zaidi ya robo ya pato la nchi hupatikana hapa. Mkulima aweza kuuliza: mji huu walima nini? Chai hutoka Kericho, na maua hutoka Naivasha. Lakini benki, bima na ofisi za makampuni zi mjini, na kila karatasi ipigwayo muhuri huacha senti zake hapo.

Msafiri akipita Museum Hill huingia Waiyaki Way, barabara iendayo Nakuru hata mpaka wa Uganda. Juu ya kichwa chake yapita njia ya magari iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Apitaye huko juu hulipa ada, naye huokoa muda mwingi. Asiye na gari hubaki chini, katika vumbi na msongamano wa matatu, au huenda kwa miguu kama msafiri wetu.

Huko Westlands yako makao ya kampuni ya Safaricom, ambayo mwaka 2007 ilianzisha M-Pesa. Zamani karani aliyetaka kumpelekea mama yake fedha alimtafuta dereva wa basi mwaminifu, akamkabidhi bahasha, akaomba Mungu. Sasa fedha hufika kijijini kabla mtumaji hajarudisha simu mfukoni.

Njia ile ya juu hukoma James Gichuru Road, na mbele kidogo ni Kangemi. Huku na Dagoretti palikuwa mashamba ya Wakikuyu kabla mpaka wa mji haujasogezwa katika miaka ya 1960. Wenye ardhi wakaona ya kuwa chumba cha kupanga chaleta fedha kila mwezi, hali mahindi hungoja mvua. Basi mashamba yakageuka vyumba, na wapangaji wengi wakaja kutoka Magharibi ya Kenya. Mwaka 2019 wilaya ndogo ya Dagoretti ilikuwa na watu 434,208 na ile ya Westlands watu 308,854. Jumla yao yapita watu wote wa Nairobi wa mwaka 1969, waliokuwa 509,286.

Nyumba zimeongezeka upesi kuliko mabomba. Maji mengi ya mji hutoka bwawa la Ndakaini, katika Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Lakini katika vichochoro vya Kangemi wako wanunuao maji kwa mtungi, na maskini huyalipia zaidi kuliko tajiri mwenye bomba nyumbani.

Hapo ndipo penye funzo la safari hii. Maji ya mji ni ya Murang'a, mboga zake ni za Kikuyu na Limuru, na mikono yake imetoka kila kabila. Mji hurudisha fedha kwa simu, lakini shamba limezwalo na nyumba halirudi. Kidole kimoja hakivunji chawa: nchi ijengayo njia ya juu kwa mwenye haraka, haina budi kukumbuka bomba la anayekaa chini, na shamba la yule anayewalisha wote wawili.